Mkono wa Kushoto wa Kochi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ni fundi wa makochi. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Misumari, kwa sababu akiwa kazini mdomo umemjaa misumari midogo, na huitoa kwa ulimi mmoja mmoja kama mtu anayetema mbegu za chungwa. Ukimsalimia wakati huo anakujibu kwa nyusi. Wateja wageni hudhani ana maringo. Sisi tuliomzoea tunajua: nyusi zikipanda ni karibu, zikishuka ni njoo kesho.

Kazi aliirithi kwa baba yake. Mkwe wangu yule, Mungu amrehemu, alimwachia nyundo na sharti. Sharti lilikuwa kwamba kochi likishafungwa, lisifunguliwe. Fundi ahakikishe kila kitu kabla ya msumari wa mwisho, maana anayerudi kupasua kazi yake mwenyewe ametangaza mbele za watu kwamba hakuwa na uhakika nayo. Na kweli, miaka yote niliyokaa naye sijaona kochi lake likirudi. Hilo ndilo jina lake mjini. Hana mume, hana mtoto, ana jina hilo.

Tangu kaka yake afariki tunaishi wawili tu. Mimi niko jikoni na kwenye bustani ya mboga huko nyuma, yeye yuko sebuleni, ambayo aliigeuza karakana siku nyingi. Mgeni akija tunamkaribisha uani.

Zamani tulikuwa na paka mzee mwenye jicho moja. Akagongwa na pikipiki mbele ya mlango wetu. Wifi alimzika mwenyewe nyuma ya nyumba, akanawa mikono, akasema, "Basi. Paka sitaki tena." Nadhani panya nao walikuwa wanasikiliza. Haukupita muda wakahamia kwenye magunia ya pamba, wakazaa humo, wakatafuna sponji mpaka ikawa kama mkate uliochovywa chai. Nilimsihi, akanishushia nyusi. Lakini asubuhi alipokuta wametoboa kona ya kitambaa cha mteja, aliweka nyundo chini. Alifungua kinywa, akaweka misumari kwenye kopo, akavaa kandambili, akachukua kikapu.

"Unakwenda wapi, wifi?"

"Kwenye mashine ya kusaga. Paka wao amezaa."

Niliomba moyoni asibadili nia njiani, nikamfuata.

Mke wa mwenye mashine alitupokea akiwa mweupe kwa unga mpaka kope. Pale mashine hainyamazi, kwa hiyo watu wote huzungumza kwa kupiga kelele, hata wakisengenya. Alitutolea kipaka cha rangi ya kijivu, kidogo kama ngumi, akamshikisha wifi.

"Huyu halii!" akapaza sauti.

"Mgonjwa?"

"Mgonjwa wapi! Amezaliwa hapo chini ya mashine! Kulia amelia sana, nani amsikie? Akaacha mwenyewe!"

"Sasa akiwa na njaa nitajuaje?"

"Anakutazama tu! Na akilala, hata upige ngoma sikioni mwake haamki, kelele ndiyo bembea yake!" Kisha akamshika wifi mkono, akamsogelea. "Shoga, nakupa mtoto, sikupi tambara la kudekia. Ndugu zake niliowagawa mwanzo sijui waliko. Huyu akipotea, tukikutana njiani usinisalimie."

"Hapotei," wifi akasema. Alisema wazi, hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni.

Njia nzima alitembea mkono ukiwa ndani ya kikapu. Nilimwona anavyokwepa mashimo, yeye ambaye siku zote hutembea kama anayewahi zamu.

Nyumbani tulimwandalia boksi la vipande vya nguo, karibu na pale wifi anapopigia misumari, ili asikie kelele na asijione mgeni. Nikamwekea maziwa kwenye kifuniko cha kopo. Akanusa, akatutazama, akarudi boksini kwake kwenye zile nguo. Wifi akajaza misumari mdomoni, akashika nyundo.

Kochi alilokuwa nalo siku ile lilikuwa la bwana mwenye bucha, mtu mnene, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Lilikuwa refu, la watu wanne waliopendana. Kitambaa chake kilikuwa chekundu chenye maua ya dhahabu, na kijana wake anayefanya kazi melini ndiye aliyekileta kutoka mbali. Kipande kingine kama kile hakipo katika duka lolote la hapa. Na alilitaka siku ileile, kwa sababu alasiri wazazi wa mchumba wa binti yake walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza.

Sasa nieleze namna wifi anavyofanya kazi, maana hapo ndipo mambo yalipoanzia. Mkono wa kochi ndani ni sanduku la mbao lililo tupu. Kwa nyuma huachwa mdomo, na kupitia mdomo huo fundi hushindilia pamba mpaka mkono ushibe, kisha huufunga kwa gunia na kitambaa na kuupiga misumari. Wifi huichambua pamba yake kuukuu mapema, akaitenga mafungu, hili la mkono wa kulia, hili la kushoto. Hakisii. Akimaliza kazi hakibaki hata konzi. Na hajazi kwa macho. Huingiza mkono, akipapasa akakuta ulaini unaotosha, anafunga.

Mkono wa kulia aliujaza na kuufunga kabla hatujaenda kwenye mashine. Wa kushoto alikuwa ameutandikia pamba kidogo chini, akauacha. Tuliporudi, akaendelea na mgongo wa kochi, huku limelazwa ubavu na ule mdomo wa kushoto ukitazama boksi la paka.

Mara akaingia Kamba, mvuta mkokoteni. Tunamwita hivyo kwa sababu hata akibeba mto mmoja ataufunga kamba kama mwizi.

"Misumari! Bosi wa bucha kanituma, anataka kochi lake sasa hivi. Anasema wakwe wameshatoka kwao."

Nyusi zikashuka.

"Usinikunjie mimi uso, mama, mimi natumwa tu. Ningekuwa na kochi ningekaa."

Nilimwona wifi akizunguka upande wa pili kwa haraka. Akaingiza mkono kwenye ule mdomo bila kutazama, kama afanyavyo siku zote, akapapasa, akatoa. Akavuta gunia, akavuta kitambaa, nyundo ikaanza kulia ta-ta-ta-ta. Kamba akafunga kamba zake, tukasaidiana kulitoa mlangoni, likaenda zake likimeremeta juani, watoto wanalifuata.

Nikaingia ndani kuswali adhuhuri. Nilipotoka nikapita karakana kumtazama mgeni wetu. Maziwa yalikuwa vilevile, na nzi ameelea juu yake.

"Wifi, mtoto yuko wapi?"

Akanyoosha kidevu kwenye boksi. Alikuwa ameshaanza kazi nyingine. Nikainama, nikatoa vipande vya nguo kimoja kimoja mpaka nikaona sakafu ya boksi.

"Humu hayumo."

Tukaanza kutafuta. Mwanzoni tulitafuta kwa kucheka kidogo, maana kipaka kidogo hakishindwi kuingia hata kwenye kiatu. Tukatazama kwenye viatu. Tukatazama chini ya cherehani, nyuma ya mbao, ndani ya sufuria. Hapo ndipo nilipoona ubaya wa kiumbe asiyelia. Unaita, unanyamaza, unasikiliza, na nyumba yote inakunyamazia. Nikakumbuka kwamba mlango ulikuwa wazi wakati wa kutoa kochi. Nikakimbia nje, nikapiga magoti kwenye mtaro, jirani akaniuliza kama nimepoteza pete.

Niliporudi nikamkuta wifi amesimama kwenye kona ya magunia. Miguuni pake kulikuwa na fungu la pamba. Lilikuwa limechambuliwa, limetengwa, limepungua konzi chache tu za kutandikia.

Fungu la kushoto.

Akafungua mdomo, misumari yote ikaanguka sakafuni. Sijapata kumwona akifanya vile.

"Wifi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "nilijaza nini?"

Pamba ile kuukuu ni ya kijivu, na paka ni wa kijivu, na wote wawili ni laini mkononi. Alikuwa ameingia humo kulala, na nyundo ikambembeleza.

"Lichukue hilo fungu," akaniambia. Yeye akabeba mkasi, sindano iliyopinda na uzi. Tukatoka bila hata kufunga mlango.

Jua lilikuwa la kukaanga. Kitambaa kile ni kizito, chini yake gunia, chini yake mbao. Nilikuwa nahema mimi niliye barabarani, nikamfikiria aliye mle ndani. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba mnyama aliyefungiwa bila chakula wala maji anayo mashtaka yake kwa Mola, na hayasahauliki. Nikasoma kila dua niliyoijua, nyingine nikazirudia kwa kuchanganyikiwa.

Wifi alikuwa anazungumza peke yake. "Na kama hayumo? Nikilipasua mbele za watu nikakuta pamba?"

"Pamba gani, na fungu ninalo mimi?"

"Labda nilichambua mara mbili nikasahau."

"Umewahi?"

"Sijawahi. Ndiyo maana naogopa."

Kwenye njia panda tukakutana na Kamba anarudi na mkokoteni mtupu. Wifi akamshika shati.

"Ulisikia kitu kwenye kochi?"

"Kitu gani? Nilisikia magurudumu yangu yanalia njaa ya grisi."

"Kuna paka mkono wa kushoto."

Kamba akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaona hatutanii. "Pandeni," akasema.

"Tupande wapi?"

"Mama, mko wawili, pumzi hamna hata ya mmoja. Pandeni!"

Basi, wanawake wa umri wetu, tukapanda mkokoteni kama magunia ya mkaa, mimi nimekumbatia pamba, mtandio umeniponyoka. Watu walitoka madukani. Mmoja akauliza, "Hao wanauzwa kwa jumla au rejareja?" Kamba akamjibu akikimbia, sikusikia alichosema, na nadhani afadhali sikusikia.

Nyumba ya bwana bucha ilikuwa imedekiwa mpaka kwenye kizingiti. Redio inaimba, sahani zinagongana jikoni. Yeye mwenyewe, amevaa nguo nyeupe iliyopigwa pasi, amekaa mwisho wa kochi, upande wa kushoto, kiwiko chake juu ya mkono.

"Aa, Misumari! Umekuja mwenyewe, vizuri. Huu mkono unabonyea." Akaupiga ngumi. "Ona! Wa kulia mgumu kama jiwe, huu unazama. Kulikoni leo?"

Nikafumba macho. Wifi akasema, "Baba, inuka hapo."

"Niinuke kwenye kochi langu?"

"Kuna mnyama ndani. Paka wangu mdogo. Nimemfungia kwa mkono wangu mwenyewe."

Mkewe akatoka jikoni na kitambaa cha kufutia sahani begani. Binti akazima redio. Bwana bucha akainamisha sikio kwenye mkono wa kochi, sote tukazuia pumzi. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia mafuta jikoni. Kwenye kochi hakukusikika kitu.

"Hamna paka hapa," akasema.

"Halii. Alishaacha mwenyewe."

"Paka asiyelia!" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Basi tufanye hivi. Wageni wangu wako njiani. Wakishaondoka, fungua taratibu, toa misumari yako mmoja mmoja, mtoe paka wako. Saa hizi hapana."

"Wakishaondoka atakuwa amekufa."

"Labda ameshakufa!"

"Labda," wifi akasema. "Misumari ya hapa ni mingi, kuing'oa itachukua muda. Nitapasua kitambaa."

Mkewe akapiga yowe. "Utapasua? Kitambaa cha mwanangu? Mbele ya wakwe?"

"Nitakishona."

"Na alama?"

"Alama itabaki. Siwezi kukudanganya." Wifi alikuwa ameshika mkasi. "Baba, wewe unajua sijawahi kufungua kazi yangu. Jina langu lote nimekuja nalo hapa. Mkilitangaza mtangaze. Lakini inuka."

Hakuinuka. Akajitanua zaidi, mikono kifuani. "Mama, mimi nachinja ng'ombe kila siku ya Mungu. Unataka nilie kwa kipaka?"

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Shule niliishia msingi, na hata kwenye vikao vya akina mama huwa nakaa nyuma. Lakini maneno yalinitoka kabla sijayapima.

"Baba, samahani. Wewe ukichinja, si huwa unataja jina la Mungu?"

"Nataja. Sijawahi kuacha."

"Na kisu unanoa?"

"Nanoa."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama ananiona sasa. "Ili asiteseke."

"Sasa huyu anayekufa chini ya kiwiko chako, nani amemtajia? Nani amemnolea?"

Akakunjua mikono kifuani. Kisha akaweka viganja magotini, akainuka, kochi likatoa mlio wa kupumua. "Pasua," akasema, akageukia ukuta.

Wifi alipiga magoti. Alipapasa pembeni, akachagua mahali, akasema bismillahi, mkasi ukaingia kwenye ua la dhahabu. Sauti ya kitambaa kile kupasuka nitaikumbuka. Akachana gunia. Akaingiza mkono mpaka kiwikoni, uso ameugeuza pembeni, amefumba macho, kwa kuwa ndivyo anavyofanya kazi siku zote. Akatoa konzi ya pamba. Akaingiza tena. Akatoa pamba tena.

"Wageni hao!" binti akanong'ona dirishani.

Wifi akaingiza mkono mara nyingine, na safari hii hakuutoa. Alibaki vile, nyusi zimesimama.

Kisha akamtoa. Alikuwa amelowa mate kwa joto, manyoya yamegandamana, shingo imelegea. Akamlaza kwenye kiganja. Hakutikisika. Mke wa bwana bucha, yeye yule aliyepiga yowe kwa ajili ya kitambaa, akachukua kitambaa chake cha sahani, akakichovya kwenye maji ya wageni, akaanza kumpangusa pua. "Pumua, wewe," akawa anamwambia. "Pumua, mtundu mkubwa we."

Hodi ikapigwa.

"Mama," bwana bucha akanigeukia, "wewe unajua maneno. Nenda mlangoni."

Nikaenda. Mungu anisamehe, wale wazazi wa mchumba niliwasalimia salamu ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Niliwauliza hali zao, za watoto, za waliobaki nyumbani, za safari, za barabara, za mvua huko walikotoka. Baba mkwe alikuwa akijibu kwa adabu huku anachungulia juu ya bega langu. Nilipoona maneno yananiishia nikaanza kuulizia mifugo.

"Hatufugi," mama mkwe akasema.

"Hata kuku?"

Ndipo nyuma yangu, kutoka sebuleni, nikasikia sauti. Ilikuwa nyembamba, imekwaruza, kama mlango mdogo ambao haujawahi kufunguliwa. Ikakatika. Ikaja tena kwa nguvu.

"Kumbe hapa mnafuga paka," mama mkwe akasema.

"Alhamdulillahi," nikamwambia, machozi yakanitoka, naye mpaka leo nadhani haelewi ni kwa nini.

Walipoingia wakamkuta wifi bado yuko magotini, sindano iliyopinda mkononi, anashona. Lile fungu la kushoto lote lilikuwa limeshaingia mahali pake. Bwana bucha akawaambia wageni, kwa sauti yake kubwa, "Karibuni, karibuni, fundi anamalizia. Kochi jipya, na hapa tumepata na mtoto." Mkewe alikuwa amekaa chini, kipaka kifuani pake kinalia bila kusita.

Alama ilibaki. Ilikuwa mshono mwembamba uliokatiza ua, na wifi aliushona vizuri kadiri mkono unavyoweza, lakini macho yalikuwa yanaukuta. Habari zilienea mjini kabla hatujafika nyumbani. Wapo waliocheka, na yuko mteja mmoja aliyekuja kuchukua sponji yake, akasema amebadili nia. Wifi alimkabidhi, akampandishia nyusi za karibu tena. Bwana bucha mwenyewe hakutusalimia kwa muda. Kochi aliligeuza, ule mkono ukatazama ukuta.

Lakini nirudi kwenye siku ile. Tulirudi kwa miguu, hatukutaka mkokoteni tena. Kipaka alikuwa kwenye kitambaa cha sahani, ndani ya mikono ya wifi, akalia njia nzima. Alilia tulipopita dukani, akalia kwenye njia panda, akalia mpaka watu wakatugeukia. Nilimwambia wifi labda tumfunike, apate usingizi.

"Mwache alie," akasema. "Namsikia."

Siku hizi, kabla hajapiga msumari wa mwisho kwenye kochi lolote, huitoa misumari yote mdomoni na kuita. Paka hujibu kutoka alipo, dirishani au uani, kwa ile sauti yake iliyokwaruza. Asipojibu, nyundo inangoja, hata mteja awe amesimama mlangoni anatazama saa. Na Kamba, akitokea upande wa buchani, mara nyingine hutuletea kifurushi cha mabaki ya nyama kilichofungwa kamba nyingi kuliko inavyohitajika. Hakina salamu ya mtu yeyote.

"Bosi kasema nimpe yule mgeni wake," husema Kamba, akaendelea na safari.